Faida Inarudi kwa Nani?

Kwenye kikundi chetu cha kanisa cha kuweka na kukopa hapa Kisumu, mtu akithubutu kuuliza kwa nini tunatozana riba ya asilimia 10 kwa mwezi, jibu huwa tayari kabla hajamaliza swali: faida inarudi kwetu wenyewe. Mwenyekiti husema hivyo, mweka hazina husema hivyo, na mimi katibu nimeliandika jibu hilo kwenye kumbukumbu za vikao. Lina utamu wake. Benki ikila riba yako, mmeagana nayo. Yetu tunagawana Desemba, watu wananunua unga wa chapati, mafuta ya kupikia na nguo za watoto za Krismasi. Sasa nani ameonewa?

Nilipoachiwa daftari nifanye hesabu za mgao, nikaanza kuona jambo ambalo vikaoni halisemwi. Chukua wanachama wawili, na nitatumia tarakimu nyepesi. Wa kwanza ana mshahara. Anaweka shilingi 2,000 kila mwezi, hakopi, na mwisho wa mwaka ana akiba ya 24,000. Wa pili anauza omena, wale dagaa wa ziwani. Anaweka 300 kila mwezi, mwaka ukiisha ana 3,600. Lakini Aprili alikopa 6,000 akazilipa Agosti: miezi minne, riba ya 600 kila mwezi, jumla 2,400. Tuseme kikundi kizima kimeingiza riba ya 60,000 juu ya akiba ya 240,000. Kila shilingi iliyowekwa imevuta senti 25. Mwenye mshahara anaondoka na faida ya 6,000. Muuza omena anahesabiwa 900, anapigiwa makofi, na hakuna anayekumbuka kwamba yeye alitoa 2,400. Faida imerudi kikundini, ni kweli. Ila haikumrudia aliyeitoa.

Na hapo sijagusa faini. Siku kubwa ya soko la Kibuye ni Jumapili, na kikao chetu ni Jumapili baada ya ibada. Muuza omena hawezi kukunja turubai lake wakati wateja ndio wanamiminika, kwa hiyo huchelewa, na akichelewa hutozwa 50. Mwenye mshahara hajawahi kuchelewa.

Biblia zetu hujifungua zenyewe kwenye Malaki 3:10, pale pa zaka kamili ghalani. Kurasa za Kutoka 22 bado ni safi. Pale, katikati ya sheria za wizi wa ng'ombe na moto uliounguza shamba la jirani, Mungu anasema mtu akimkopesha maskini aliye miongoni mwa watu wake asiwe kwake kama mdai, wala asimtoze riba. Walawi 25 inarudia kwa upana zaidi: ndugu yako akiwa maskini na mkono wake ukalegea, mtegemeze aishi pamoja nawe, usimpe fedha ili upate riba, wala chakula ili upate faida. Sababu inayotolewa ni Misri, kwamba niliwatoa ninyi nyote utumwani. Kumbukumbu la Torati 23 inapanua tena, fedha au chakula au kitu chochote kinachokopeshwa, ila inaruhusu riba kwa mgeni. Zaburi ya 15 inauliza nani atakayekaa katika hema ya Bwana, na miongoni mwa majibu ni yule asiyetoa fedha yake kwa riba. Ezekieli 18 ndiyo nzito kuliko zote: mla riba amewekwa orodha moja na mmwaga damu na mzinzi.

Ukisoma kwa makini unaona ni mkopo wa namna gani unaozungumzwa. Anayekopa hapo hafungui duka. Ni mkulima ambaye mvua imemnyima, anayeomba nafaka ya kufikisha watoto msimu ujao, au mbegu ambazo angepaswa kuwa nazo lakini zililiwa. Wengi wanaofafanua ile ruhusa ya mgeni husema huyo alikuwa mfanyabiashara wa kupita, mwenye mtaji na njia zake. Mimi naona tofauti hiyo ina maana kubwa kwetu hapa, kuliko mabishano ya kama riba ni dhambi au si dhambi.

Yule mama wa omena hukopa kwa sababu mbili tofauti kabisa. Oktoba hukopa ili apande gari hadi Usenge, achukue magunia ya omena kavu, aje auze kwa gorogoro, lile kopo la kupimia. Giza likiwa zuri na wavuvi wakapata, mzigo unaisha upesi, anarudisha pesa, asilimia 10 haimtoi jasho. (Omena huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, kwa hiyo hata kalenda ya madeni yake inafuata mwezi wa angani.) Aprili ni habari nyingine. Kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane. Wakati huo hana cha kuuza, shule nazo zinataka karo ya muhula wa pili, na gunia la mahindi liko juu kwa sababu mavuno yako mbali. Ile 6,000 ya Aprili haikununua hata gorogoro moja la omena. Ililipa karo na kulisha watu.

Daftari letu lina safu ya jina, safu ya kiasi, ya tarehe, ya riba na ya sahihi. Safu ya sababu haipo. Mkopo wa Oktoba na mkopo wa Aprili imeandikwa kwa wino mmoja na bei moja.

Bei yenyewe nayo tuitazame. M-Shwari, mkopo wa simu, ilipoanza Novemba 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, na watu wakapiga kelele kwamba simu zinanyonya wananchi. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali uliozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, ilikuja na asilimia 8 kwa mwaka. Sisi tunaanza kikao kwa wimbo na maombi, halafu tunaivuka riba ya serikali ya mwaka mzima ndani ya mwezi mmoja. Kwa haki ya kikundi, niseme pia kwamba simu haikujui na sisi tunakujua. Aliyefungiwa na CRB, wale wanaoweka rekodi za wadaiwa, hupata kwetu, hakuna fomu za kurasa sita, na pesa unaondoka nayo mkononi. Ukiwalinganisha na mashailoki wa mtaani, wanaoomba asilimia 20 au 30 kwa mwezi na kitambulisho chako wakae nacho, sisi ni malaika. Lakini Walawi haikuweka shailoki kuwa kipimo.

Watu wengi huishia kwenye riba, na mahubiri pia. Mimi naona sehemu kali zaidi ya sheria hizi iko kwenye rehani, yaani kile unachokishika ili mtu alipe. Kutoka 22 inasema ukichukua vazi la mwenzako kuwa rehani, umrudishie kabla jua halijatua, kwa maana ndilo la kujifunikia; atalala na nini? Nilikuwa nikidhani huo ni mfano tu wa kishairi, hadi nikasoma habari za kigae cha chungu kilichochimbuliwa mwaka 1960 huko Mesad Hashavyahu, ngome ndogo ya pwani kusini mwa mji wa Yafa, Israeli. Kina maandishi ya Kiebrania ya karne ya 7 kabla ya Kristo. Ni malalamiko ya mvunaji kwa mkubwa wa eneo: alimaliza kazi yake ya kuvuna, akaweka ghalani, kisha msimamizi akaja akamchukulia vazi. Anasema wavunaji wenzake watamshuhudia. Anaomba nguo yake. Kwa hiyo kulikuwa na watu wa nyama na damu waliolala na baridi kwa sababu mwenye nguvu alishika nguo yao, na mmoja wao akatafuta mwandishi amwandikie.

Kumbukumbu la Torati 24 ndiyo inayonikosesha usingizi mimi. Aya ya 6 inakataza kushika jiwe la kusagia, la juu au la chini, kwa kuwa ni kushika uhai wa mtu. Aya ya 10 na 11 zinaeleza mdai asimame wapi: asiingie nyumbani kwa mdaiwa kujichukulia rehani, angoje nje, na mdaiwa mwenyewe ndiye amtolee. Fikiria sheria inayojali mpaka mahali pa kuweka miguu. Mwenye deni ameruhusiwa kuchagua atoe nini, na nyumba yake imebaki nyumba yake.

Huku kwetu kinyume chake kina jina, na kila aliyewahi kuwa kwenye chama analijua: kwenda kubeba vitu. Nilishuhudia kikundi cha mtaa wa jirani kikienda Manyatta kumbebea mwenzao vitu. Walikuja wanawake kama kumi, wengine bado na sare za kanisa. Mwenyekiti wao aliingia kwanza bila kubisha hodi. Sofa ilikuwa kuukuu, wakaiacha. Runinga haikuwepo, ilikuwa imeshauzwa. Wakatoa mtungi wa gesi na meko yake, kisha karai kubwa jeusi la kukaangia mandazi. Yule mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Dada, hilo karai ndilo nawalipa nalo." Mwenyekiti akamjibu, "Sheria ni zetu sote, mama, ulitia sahihi." Na kweli alitia. Karai likapakiwa kwenye boda boda, likafungwa kwa mpira, na majirani wakashuhudia kutoka milangoni mwao. Asubuhi iliyofuata wanafunzi wa shule ya msingi iliyo karibu walipopita pale kwenye kona, hapakuwa na mandazi. Sioni tofauti ya karai lile na jiwe la kusagia, na sidhani kama aya ya 6 inahitaji mfafanuzi aliyesomea Roma.

Apu za mikopo za simu ziliingia ndani zaidi ya mwenyekiti yule. Kabla ya sheria ya Desemba 2021 na kanuni za Benki Kuu za Machi 2022, ulikuwa ukichelewa kulipa shilingi 2,000, wanampigia bosi wako, mchungaji wako, mama mkwe wako na fundi aliyewahi kukutengenezea bomba, kila aliye kwenye orodha ya simu yako, kuwaambia wewe ni mdaiwa sugu. Kanuni zile sasa zinawazuia watoa mikopo wa kidijitali kuchimbua majina ya watu wako ili kukudai, na zinakataza vitisho na kuaibisha. Yaani bunge na Benki Kuu, bila kumtaja Musa popote, walimwambia mdai asimame nje.

Tunapenda kuzungumza habari hizi kana kwamba mkopeshaji mbaya ni mtu wa mbali: mhindi wa dukani, mzungu wa benki, shailoki mwenye pikipiki. Nehemia 5 haitupi nafasi hiyo. Ukuta wa Yerusalemu unajengwa, kila familia iko kwenye kipande chake, upanga mkono mmoja na kazi mkono wa pili, na katikati ya ujenzi watu wanaanza kulia dhidi ya ndugu zao Wayahudi. Wengine wameweka rehani mashamba na mizabibu na nyumba wapate nafaka wakati wa njaa. Wengine wamekopa kulipa kodi ya mfalme. Binti zao wameanza kuchukuliwa utumwani. Waliowadai ndio waliokuwa wakibeba mawe pamoja nao. Nehemia anakasirika, anatafakari moyoni, kisha anawakemea wakuu hadharani, na katika maneno yake anataja kwamba yeye mwenyewe na ndugu zake na watumishi wake wamewakopesha watu fedha na nafaka. Anasema tuiache riba hii. Anataka mashamba yarudishwe siku hiyo hiyo, pamoja na ile sehemu ya mia waliyokuwa wakitoza. Wengi huielewa kuwa asilimia 1 kwa mwezi. Asilimia 1, na mtu alikung'uta vazi lake mbele ya makuhani akawalaani watakaokiuka!

Kuna ushahidi wa karne hiyo hiyo kwamba si kila mtu aliisikiliza Torati. Kule Elephantine, kisiwa cha mto Nile kilichokuwa na koloni la askari Wayahudi, imebaki hati ya papiri ambamo mwanamke anakopa shekeli 4 za fedha kwa Myahudi mwenzake, riba asilimia 5 kwa mwezi, na riba isiyolipwa inageuka kuwa mtaji wa kuzaa riba nyingine. Akishindwa, mdai anaweza kushika nyumba, shaba, chuma, watumwa, shayiri na chakula chochote kitakachokutwa. Ukibadilisha majina, ni katiba ya chama.

Nilipoleta mambo haya kikaoni, upinzani ulikuja, na mwingine ulikuwa wa maana. Hoja ya talanta niliitarajia: yule bwana katika Mathayo 25 si alisema mtumwa angeweka fedha kwa watoao riba? Alisema, akiwa anamkaripia mtumwa kwa kutumia maneno ya mtumwa mwenyewe, na habari ile haimhusu maskini aliyekuja kuomba unga. Hiyo haikuchukua muda.

Hoja ngumu ilitoka kwa mweka hazina, ambaye si mtu wa mistari ya Biblia. "Mwalimu, pesa isiyo na riba watu hawailipi. Wataanza kulipa ile ya riba kwanza kwa sababu inawauma. Na elfu tano ya leo haitanunua mwakani kile inachonunua leo. Anayeweka atakuwa anapoteza." Yote mawili ni kweli. Hata Torati iliona hofu hii. Kumbukumbu 15 inafuta madeni kila mwaka wa saba, halafu papo hapo inamwonya mtu asijiambie moyoni kwamba mwaka wa saba umekaribia, akamnyima ndugu yake maskini. Na watu wakafanya hivyo hivyo walivyoonywa. Karne nyingi baadaye Hillel, mwalimu mkubwa wa Wayahudi, aliona wenye mali wamefunga mikono kwa kuogopa mwaka wa saba, akaweka utaratibu wa hati inayokabidhi deni mahakamani ili lisifutwe, kusudi maskini wapate kukopeshwa tena. Wafransisko wa Italia nao, walipofungua mfuko wa kukopesha maskini huko Perugia mwaka 1462, waligundua kwamba karani lazima alipwe na chumba lazima kilipiwe. Wakatoza kidogo cha gharama, wakashambuliwa na watawa wengine kuwa wala riba, na ubishi ukaendelea hadi Mtaguso wa Laterano wa 1515 ulipowaidhinisha. Kukopesha bila faida kuna mtu anayebeba gharama yake. Swali ni nani, na kwa sasa kwetu anayeibeba ni yule mama wa omena.

Kwa hiyo hatukufuta riba. Nadhani tungeifuta kikundi kingevunjika kufikia Pasaka, na waliokopa Aprili wangebaki na shailoki peke yake. Tulichokubaliana, baada ya vikao vya kelele, ni sanduku la pili. Lile la kwanza lina kufuli tatu na funguo zake ziko kwa watu watatu, na linaendelea kama kawaida kwa mikopo ya biashara. La pili ni kopo la rangi lililooshwa. Faini zote zinaingia humo, pamoja na 50 ya kila mwanachama kila kikao. Mkopo wake ni wa chakula, hospitali au karo, usiozidi 5,000, bila riba, kwa miezi sita, bila kushika kitu cha mtu. Sababu inasikilizwa na watu watatu, si kikao kizima, kwa kuwa nusu ya watu waliohitaji pesa hizo wasingesimama mbele ya kwaya nzima kueleza.

Siku ya kupitisha, kijana mmoja alinyanyua mkono: "Mama zangu, mtu atasema mtoto ni mgonjwa, kumbe anaenda kununua simu." Mama mmoja mzee, ambaye huwa hasemi vikaoni, akamwambia, "Basi atakuwa amenunua simu." Kikao kikacheka, kura ikapigwa.

Kumekuwa na hasara. Wawili kati ya wanaoweka nyingi walihamia kikundi kingine, na mgao wa Desemba utapungua kwa sababu mikopo ya Aprili sasa haizai. Mwenye mshahara aliyebaki aliniuliza kama namwita mnyonyaji. Nilimwambia hapana, na nilimaanisha. Amekuwa akiweka pesa zake kwa uaminifu kufuata sheria tulizoandika sote. Upande wa pili, wengi wamelipa, na baadhi mapema kuliko wanavyolipa ile ya riba, jambo ambalo mweka hazina bado anasema ni bahati.

Ila kuna 3,000 moja imepita miezi sita. Aliyekopa alifiwa, akaenda Busia kuzika, na kibanda chake cha nguo kule Kondele kimefungwa tangu wakati huo. Hatuna cha kumshika, na ndivyo tulivyotaka. Suala liko kwenye ajenda ya kikao kijacho: deni lifutwe au lisogezwe mbele? Mweka hazina anasema Torati yenyewe ilingoja miaka saba na sisi hatujamaliza hata mmoja. Mimi nitapiga kura lifutwe. Ameshaniambia kwamba nikishinda, kopo likipungua nianze kulijazia kutoka mfukoni mwangu, kwa kuwa nina mshahara.